Kikohozi cha Mzee Mwambeta

Hapo zamani, na wala si zamani ya babu wa babu yangu, maana ndege zilikuwa zimeshajifunza kuruka na wanawake wameshajifunza kuzitengeneza, palikuwa na bonde la watu wapole na mlima mmoja mkorofi. Mlima ulikaa katikati ya ndugu na ndugu. Ukitaka kumwona dada yako upande wa pili kwa miguu, utalala njiani na utafika umenuna. Kwa ndege, kabla hujamaliza kuogopa umeshashuka.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya injini moja na viti vichache. Ilibeba barua, wagonjwa, vifaranga wa kuku, na wazee wenye haraka.

Kaeni vizuri. Nitawapa watu wanne na ndama mmoja, na mwisho mtaniambia ndama aende kwa nani. Mkigombana shauri yenu. Mimi nitakuwa nakunywa chai yangu.

Wa kwanza ni Tusajigwe, fundi wa ndege ile. Alikuwa fundi mzuri, na nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye mtataka kunibishia. Injini ikikohoa alijua inaumwa nini. Aliolewa na kijana wa Mzee Mwambeta, akazaa, watoto wake wakaota meno na wakaanza kuyang'oa. Na muda wote huo hajawahi kumtazama baba mkwe wake usoni.

Msishangae. Katika bonde lile mkamwana na baba mkwe hawaonani. Si kwamba wanachukiana, la. Wanaheshimiana mpaka inachosha. Mkamwana hali na mkwe wake, hapiti mbele yake, na sauti yake isifike masikioni mwa mzee. Akimsikia anakuja, anajitanda kanga usoni na kujibanza nyuma ya chochote kilicho karibu. Akiulizwa jambo mbele ya mkwe, hajibu kwa mdomo. Akinyamaza, ndiyo. Akikataa, hugonga kitu: chungu, mlango, chochote. Watu wa bonde lile wameishi hivyo na wameelewana vizuri tu.

Na ili mambo yaende kwa haki, mzee naye ana wajibu wake. Kila anapokaribia mahali penye mkamwana, lazima akohoe. Anakohoa akiwa mbali, kikohozi kimoja kizito, halafu anasimama kidogo ili mtoto wa watu apate pa kwenda.

Mwiko huo una njia moja tu ya kuisha. Siku baba mkwe akimkabidhi mkamwana kamba ya ng'ombe, mkono kwa mkono, basi umekwisha. Kuanzia hapo ni binti yake, watakula sinia moja na kutaniana. Lakini ng'ombe ni ng'ombe, na wazee wengi wa bonde lile walikuwa na tabia ya kusahau. Mzee Mwambeta alisahau kuliko wote. Ng'ombe wake aliwajua kwa majina, akawaimbia asubuhi, ila hili la kamba halikumjia kichwani hata mara moja.

Huyo ndiye wa pili, Mzee Mwambeta mwenyewe. Wa tatu na wa nne watakuja, msiwe na pupa.

Ikawa binti yake Mzee Mwambeta, aliyeolewa upande wa pili wa mlima, amejifungua mapacha. Mzee akasema hawezi kusubiri, atapanda ndege. Hakuwahi kupanda ndege. Usiku ule hakulala vizuri, na asubuhi akavaa koti lake la harusi na kwenda uwanjani mapema kuliko jua.

Tusajigwe naye alikuwa kazini mapema. Bomba la oili lilikuwa limechoka, akalitoa na kufunga jipya. Aliizungusha nati kwa vidole mpaka ikagoma, kama afanyavyo fundi yeyote kabla ya kushika spana. Akanyoosha mkono kwenye sanduku la vifaa achukue spana akaze.

Hapo hapo Mzee Mwambeta akaingia.

Hakuingia kwa mlango wa abiria. Aliona ndege ndani ya banda, pua yake inang'aa, akaifuata moja kwa moja kama mtu aliyeitwa. Na hakukohoa. Tusajigwe aliona fimbo, akaona koti, akajitupa nyuma ya mapipa ya mafuta na kanga usoni. Mzee hakumwona. Alikuwa anaipapasa ile ndege shingoni, anaiuliza habari za nyumbani.

Kisha akaja wa tatu, rubani Ipyana. Kijana mcheshi, mtoto wa bonde lile lile. Akamwamkia mzee, mzee akaitika, wakaulizana habari za watu na mifugo mpaka zikaisha. Mzee akataka kujua kila kitu: hiki kinafanya nini, kile kinakula nini. Ipyana akaeleza, akacheka, akaeleza tena. Katika kuzunguka akakuta kifuniko cha injini kiko wazi, akakifunga mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Banda lile lilikuwa na sheria moja, kwamba rubani hawashi injini kabla ya kumwuliza fundi. Ipyana aliifuata. Mzee alipokwisha kukaa kwenye kiti, na boksi la vifaranga limewekwa nyuma yake, Ipyana aligeukia mapipa, akaona pindo la kanga, akauliza, "Fundi, tayari?"

Nyuma ya mapipa kimya.

Tusajigwe alikuwa anafikiria fimbo, na koti, na kama mzee ameona kisigino chake. Vidole vyake vilikumbuka kuizungusha nati, na akili ikaridhika na kumbukumbu ya vidole. Hakugonga pipa. Ipyana akangoja kama mtu mwenye adabu, hakusikia kugongwa, akaelewa kama mngeelewa nyote: ndiyo, tayari. Akawasha injini na ndege ikaondoka.

Tusajigwe akatoka mafichoni, akajifuta jasho, akaenda kukusanya vifaa vyake. Akafungua sanduku. Spana ya nati ile ilikuwa bado imelala ndani ya kitambaa chake, safi, haijaguswa. Akaitazama, akaikumbuka nati.

Redio ilikuwa pembeni ya banda. Mwenye redio alikuwa ameenda kunywa uji. Na redio ya ndege ile ilisema kwa sauti kubwa. Ukimwambia rubani neno, abiria wote wamelisikia. Tusajigwe alijua hivyo. Alijua ni nani amekaa nyuma ya Ipyana. Angeweza kukimbia kumtafuta mwenye redio amsemee, na kwa kweli alipiga hatua moja kuelekea mlangoni. Kisha akarudi, akashika redio.

Akasema, "Ipyana, ni mimi Tusajigwe. Nati ya bomba la oili sikuikaza. Usivuke mlima. Geuka sasa hivi, tafuta mahali tambarare utue kabla injini haijakwama. Kosa ni langu."

Kule juu, Mzee Mwambeta aliposikia sauti ya mwanamke akataka kwanza kuziba masikio, maana mazoea ni mazoea. Mkono ukafika nusu ya njia, akaushusha.

"Huyo ni mke wa mwanangu?" akauliza.

Ipyana hakuwa na nafasi ya kujibu. Mshale wa kipimo cha oili ulikuwa umelala chini kabisa, na kioo cha mbele kilianza kupata mafuta. Mlima ulikuwa pale mbele, mawe matupu. Ipyana akageuza ndege ubavu. Angeendelea kidogo tu, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwachekesha.

"Mwambie nimesikia," akasema mzee.

Injini ikagonga ndani kama mtu anayebisha hodi kwa hasira, ikanyamaza. Kilichobaki ni upepo, na vifaranga nyuma wanalia. Mzee Mwambeta akashika kiti kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ili Mungu na Ipyana wasikie wote wawili, "Atakayenifikisha chini nikiwa hai, ndama wa Tegemea ni wake."

Tegemea alikuwa ng'ombe wake bora. Ndama wake alikuwa jike, wa kahawia, mwenye baka jeupe usoni. Mzee aliogopa sana, lakini si kiasi cha kuahidi ndama wawili.

Sasa wa nne. Chini ya mlima ule palikuwa na uwanda mmoja tu ulionyooka, unaitwa Itope. Tangu miaka mingi wanakijiji waliombwa wauache wazi, ndege ikipata taabu itue. Waliuacha wazi. Mwaka ukapita, hakuna ndege. Mwingine ukapita, hakuna ndege. Mama mmoja, Bi Lugano, mjane mwenye mikono ya kazi, akaona ni dhambi kuacha jua lote lile lianguke bure. Akawa anaanika mpunga wake pale na kulisha ng'ombe wake pale, na hakuna aliyemkataza kwa sababu wengine walikuwa wanafikiria kufanya hivyo hivyo.

Siku ile mavuno yake yote ya mwaka yalikuwa kwenye maturubai, katikati ya uwanda. Akaona kivuli kinapita juu ya mpunga. Akainua macho akaona ndege inashuka, haina sauti, na mbele yake ng'ombe wametawanyika wanakula majani kwa raha zao.

Alikuwa na mambo mawili na nafasi ya jambo moja. Aburute maturubai apate kuokoa chakula chake, au afukuze ng'ombe. Bi Lugano hakuutazama mpunga. Alikamata reki ya kugeuzia mpunga, akawaendea wale ng'ombe anawatukana kwa majina yao yote na ya mama zao, wakakimbia, na wa mwisho alipotoka njiani ndege ilikuwa imeshagusa ardhi.

Ipyana aliitua kwa namna ambayo marubani wakubwa mpaka leo wanaisimulia. Bila injini huwezi kusema ngoja nizunguke tena. Unashuka mara moja tu. Aliishikilia mpaka mwisho, akaiweka kwenye majani, ikapita juu ya maturubai, mpunga ukaruka pande zote. Gurudumu la mbele likavunjika, pua ikachimba chini, pangaboi likapinda. Halafu kimya.

Mlango ukafunguka. Akatoka Ipyana, akatoka Mzee Mwambeta na nundu kwenye paji la uso, na boksi lilikuwa limepasuka, wakatoka vifaranga wote, wazima, wakaanza kula mpunga. Bi Lugano akawatazama wanavyokula mavuno yake.

"Karibuni," akawaambia.

Mzee akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye mpunga, Ipyana naye akakaa, wakacheka wote watatu, na mmoja wao, simtaji, alikuwa pia analia.

Watu wa bonde lile hawakumwacha Bi Lugano na njaa. Kila nyumba ilimletea kikapu. Ndege ikapata pangaboi jipya. Mapacha wakaletwa wao kwa babu yao, kwa miguu, mgongoni mwa mama na shangazi. Tusajigwe akaitwa na mkuu wa karakana, akasema yote bila kupunguza, akaambiwa aweke spana chini, ashike ufagio mpaka mvua ziishe. Akashika ufagio. Mambo yote yalikuwa yanaelekea kwenye heri.

Likabaki la ndama.

Mzee Mwambeta aliwaita wote uani kwake, mkewe akapika. Ndama alikuwa amefungwa kwenye mti wa mpera. Ipyana na Bi Lugano wakakaa kwenye mkeka mbele ya mzee. Tusajigwe alikaa nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo mkwe wake hamwoni, na mke wa mzee akasimama kwenye kona ya ghala ili ayabebe maneno yake.

Ipyana akasema kwanza. "Baba, maneno ya redio hayashiki usukani. Uwanda haumvuti mtu akashuka salama. Injini ilikufa, na mikono iliyokuteremsha ni hii hapa. Ningetetemeka kidogo tu, tungekuwa mawe pamoja na mawe. Ndama ni wangu."

Watu wakakubali. Hata mimi hapo nilikubali. Lakini Bi Lugano akamgeukia akamwuliza kifuniko cha injini kilifungwa na nani. Ipyana akajikuna shingo. Akamwuliza tena, kwani macho ya rubani ni ya kutazamia mawingu peke yake? Kama angetazama ndani kabla ya kufunga, angeiona nati.

Kisha Bi Lugano akasema lake. "Wengine wote walikuwa wanaokoa roho zao au kazi zao. Mimi ndege ile haikunihusu. Nilikuwa na chakula changu pale, nikakiacha kikakanyagwa ili watu nisiowajua waishi. Ipyana, ungewatua wapi, juu ya pembe za ng'ombe? Ndama ni wangu."

Watu wakakubali tena, wakamkubali zaidi. Lakini Ipyana naye ana mdomo. Akamkumbusha kwa upole, mama yangu, wale ng'ombe uliowafukuza walikuwa wa nani? Na uwanda ule uliachwa wazi kwa ajili ya nani? Bi Lugano akashika kidevu, akacheka, akasema hilo nalo ni neno.

Wote wakatazama ghala.

Wakadhani Tusajigwe atanyamaza, maana kweli mwenye kosa kubwa ni yeye na hakuna aliyebisha. Halafu minong'ono ikaanza, na mke wa mzee akaanza kuibeba.

"Anasema kosa ni lake."

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Anasema hata hivyo ndama anamtaka."

Hapo uani pakachangamka. Bi Lugano akasema loo, mtu auvunje mguu wako halafu adai zawadi kwa kumwita daktari? Mke wa mzee akamwomba angoje, mtoto hajamaliza.

"Anasema hamtaki kwa maziwa. Kabla hajashika redio alijua kwamba wewe utasikia, na kwamba atapoteza kazi, na kwamba watu watasema amekosa adabu. Alishika. Anasema wakati Ipyana anageuza ndege, aliyemgeuza ni yeye." Mama akainama kwenye kona ya ghala, akasikiliza tena, na aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anasema anautaka mwisho wa kujificha. Siku nyingine rubani akimwuliza kama yuko tayari, anataka aweze kumjibu."

Ndama alikuwa anatafuna jani la mpera.

Mke wa mzee hakuishia hapo. Alikuwa amembeba mumewe miaka mingi na alijua pa kumbana. Akamwuliza mbele ya watu wote, "Na wewe, baba watoto, siku ile kikohozi chako kilikuwa wapi?"

Mzee Mwambeta akatazama fimbo yake. "Niliiona ndege," akasema, "nikasahau kwamba nina koo."

Wakacheka mpaka mapacha wakaamka. Lakini mzee hakucheka kwa muda mrefu. Aliinuka, akajikung'uta koti, akaenda kwenye mpera, akafungua kamba.

Wewe uliyenyoosha mkono, najua unachotaka kusema. Unataka wagawane maziwa. Na ndama alale kwa nani? Ahadi ilitolewa angani, ilikuwa ya ndama mmoja na mtu mmoja, na mzee si mtu wa kurekebisha maneno aliyomwambia Mungu akiwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Mwingine anasema ampe Ipyana, ana mikono. Mwingine ampe Bi Lugano, ana moyo. Na yule pale nyuma anasema Tusajigwe asipewe hata mkia, na simlaumu, maana hata mimi sitaki kupanda ndege ambayo nati yake haijakazwa.

Mzee akatembea na ndama. Kati ya mpera na mkeka njia inapita kwenye kona ya ghala. Ni pale pale ambapo, miaka yote ya ndoa ya mwanawe, alikuwa akisimama na kukohoa.

Akafika pale, akasimama.

Mbele yake kwenye mkeka wako Ipyana na Bi Lugano, wanamtazama. Kushoto kwake, nyuma ya ghala, pindo la kanga linaonekana, na ufagio umeegeshwa ukutani. Akikohoa, Tusajigwe atainuka na kukimbia kama alivyokimbia siku zote, na kamba itaenda mkekani, kwa mmoja wa wale wawili. Asipokohoa, hatua moja tu na watatazamana uso kwa uso, na kamba iko mkononi mwake.

Mzee Mwambeta akavuta pumzi, kifua kikajaa.

Mimi namwacha hapo hapo na pumzi yake kifuani, na chai yangu isipoe. Msikae kimya mkadhani nitaelewa ni ndiyo. Mimi si Ipyana. Nijibuni kwa mdomo, kila mtu kwa sauti yake. Akohoe au asikohoe? Je, nani alistahili?